Wanasema Nyumba Iko Tupu, na Bantu Beko Ndani



Baadhi yenu mmeniomba niandike kidogo juu ya picha za majengo ya zamani ya Likasi ambazo siku hizi zinapita katika kila simu: villa za wakati wa Jadotville zenye paa lililobomoka, ofisi zisizo na vioo, mabomba ya kiwanda yaliyoshika kutu, ngazi ya saruji inayopanda mpaka mahali pasipo na ghorofa. Kuna wanaozipenda na kuna ambao zinawauma. Mimi zinanifanya yote mawili. Kwa hiyo nataka tuzihukumu kama vile tunahukumu kitabu au wimbo: zinasema nini, zinamsemea nani, na zinamnyamazisha nani.

Niseme msimamo wangu mapema ili mwenye haraka asihangaike. Nyingi ya picha hizi zina ustadi. Mwanga wake ni mzuri, pembe zake zimechaguliwa vizuri. Lakini zinasimama juu ya neno moja ambalo si kweli: neno "limeachwa". Kwetu jengo haliachwi. Kuna mtu aliacha kulilipia, na kuna watu wengine walibaki ndani. Kati ya sentensi hizo mbili kuna historia yote ya mji huu, na picha inayoiruka historia hiyo inafanya kazi ambayo imekwisha kutuletea hasara mara moja katika inchi hii. Nitaeleza.

Kwanza tujue mchezo huu ulitoka wapi. Kuingia katika majengo yaliyofungwa na kuyapiga picha ni mapenzi ya watu wa miji iliyowahi kuwa na viwanda vingi. Mwaka wa 2010 Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, walitoa kitabu kikubwa cha picha kinachoitwa The Ruins of Detroit. Mwaka huohuo Mmarekani Andrew Moore alitoa chake, Detroit Disassembled. Ndani mna kumbi za tamthilia zilizoanguka dari, shule zenye vitabu chini, na ile stesheni kubwa, Michigan Central, iliyojengwa 1913 na kuacha kupokea gari-moshi mwaka wa 1988. Ni picha za kushangaza. Watu wa Detroit wenyewe walizilalamikia, na lalamiko lao lilikuwa rahisi: hesabu ya watu ya mwaka huohuo wa 2010 ilikuta zaidi ya watu 700,000 wanaishi Detroit. Wako wapi katika picha? Na ile stesheni iliyopigwa kama maiti ilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka wa 2018, ikatengenezwa, ikafunguliwa tena 2024. Maiti ikaamka, ikaomba maji ya kunywa.

Tawi lingine la mapenzi haya ni nyumba za zamani za kufungia wagonjwa wa akili. Ulaya na Marekani walijenga nyingi katika karne ya 19, kubwa kama kasri, kisha wakazifunga moja moja. Mfano unaojulikana ni Willard, katika jimbo la New York. Ilipofungwa mwaka wa 1995 wafanyakazi walikuta darini masanduku zaidi ya 400 ya safari: mali ya wagonjwa walioingia na vitu vyao wakitumaini kurudi nyumbani, na wengi hawakurudi. Mpiga picha Jon Crispin alianza kuyapiga mwaka wa 2011, moja baada ya lingine. Mswaki, barua, viatu vya mtoto, nguo zilizokunjwa kwa uangalifu. Sheria ya siri za wagonjwa haikumruhusu kuonyesha majina yao ya ukoo. Kumbukeni jambo hilo la majina, nitalirudia.

Afrika ya Mashariki mchezo huo wa nyumba za wagonjwa wa akili unashindikana, na sababu yake inatufundisha kitu. Mathari ya Nairobi ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1910. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa 1927. Butabika ya Kampala ilifunguliwa 1955. Mpiga picha akishuka uwanja wa ndege akitafuta magofu ya wendawazimu, watu watamwambia: panda matatu, utafika, na ukifika utakuta foleni, maana wauguzi wako kazini. Kwetu nyumba ya zamani haipati nafasi ya kuwa gofu. Inazeeka huku inatumika. Ukuta unapasuka na mgonjwa yuko kitandani.

Sasa turudi Likasi, maana hapa ndipo jambo linapotugusa.

Mji wetu ulizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Kiwanda cha Shituru, cha kusafisha shaba kwa umeme, kilianza kazi 1929, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kutoa umeme. Mji uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, Mbelgiji wa kampuni, mpaka mwaka wa 1966 tulipochukua jina la Likasi. Mwanzoni mwa 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini chini ya mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ambao Benki ya Dunia iliusaidia kwa fedha.

Ninataja miaka hii kwa sababu picha za magofu hazipendi tarehe. Zinapenda kusema "wakati umepita", kana kwamba wakati ni mvua inayonyeshea kila mtu sawasawa. Lakini ufa wa kiwanda cha Katanga una mwaka wake na una sababu yake. Kuna mashine iliyosimama kwa kukosa kipuri, kuna bei ya shaba iliyoanguka, kuna mikono iliyokula fedha za kununulia kipuri, kuna karatasi iliyosainiwa mezani. Ukipiga picha ya kutu peke yake, umemsamehe kila mtu. Kutu haina kosa.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho. Mwaka fulani nilimsindikiza kijana mmoja wa huku kwetu, mwenye kamera nzuri na jicho zuri, upande wa Panda. Alitaka kupiga ghala moja la zamani, refu, lenye madirisha marefu ambayo jua la saa kumi linapita ndani kama kanisani. Alikuwa anatafuta pembe ambayo haionyeshi magunia ya makala wala mihogo iliyoanikwa kwenye jukwaa la kupakia mizigo. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Mama mmoja akatoka ndani, akasimama, akamwangalia.

"We mutoto, uko napiga foto ya nini? Muko bantu umu."

Kijana akasema, "Samahani mama, napiga nyumba tu."

"Nyumba ya nani? Ngoja kwanza nivale kikwembe ya muzuri, njo upige."

Akaingia, akarudi na kikwembe cha sikukuu na kitambaa kichwani, akasimama katikati ya ule mwanga, mikono imepangwa mbele. Kijana akampiga. Kwa macho yangu ile ndiyo picha bora ya siku nzima: ghala likawa na ukubwa wake, kwa sababu sasa kulikuwa na mwili wa mtu wa kulipima. Usiku akatuma picha katika simu zetu. Alituma ile ya kwanza, tupu, aliyoipiga kabla ya mama kutoka. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila ubaya wowote: ile ya mama "haionyeshi tena kwamba pameachwa".

Jibu lile lina uaminifu, na ndiyo sababu ninalileta hapa. Kijana anajua kabisa kwamba mahali hapajaachwa. Anajua pia kwamba picha inataka paonekane pameachwa. Katikati ya mambo hayo mawili akamchagua mwangaliaji wa mbali, akamtoa mama.

Mtu ataniuliza: kuna shida gani? Ni picha tu. Hapa ndipo ninapofika kwenye hasara niliyoitaja mwanzo.

Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa mfalme Leopold ulitoa amri kwamba ardhi tupu, kwa Kifaransa terres vacantes, ni mali ya dola. Maneno mawili tu. Kwa macho ya mzungu wa ofisini shamba lililopumzishwa lilikuwa tupu. Pori la kuwindia lilikuwa tupu. Mahali pa makaburi ya wazee palikuwa tupu. Mwaka wa 1900 likaundwa shirika la Comité Spécial du Katanga kusimamia ardhi kubwa ya huku kwetu, na kutoka hapo vibali vya kuchimba vikagawanywa. Hakuna aliyehitaji kutufukuza kwanza. Ilitosha kuandika kwamba hatupo.

Sisemi mpiga picha wa magofu ni Leopold. Ninasema anatumia neno lilelile, na neno hilo linajua njia ya kwenda. Jengo likiitwa "limeachwa", halina mwenyewe. Lisilo na mwenyewe linaweza kung'olewa vyuma, kuuzwa, kubomolewa, kupewa mwekezaji, na yule mama wa ghala ataambiwa siku hiyo kwamba amevamia. Ataonyesha nini? Picha zote nzuri za mahali pale zinasema hakukuwa na mtu.

Kama mnaona natia chumvi, fikirini Shinkolobwe, si mbali na sisi. Ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Wabelgiji waliufunga mgodi ule wakati wa uhuru. Kwa wapenda magofu wa dunia ni mahali pa ndoto: siri, hatari, kimya. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti, wakajenga makazi, wakafanya soko. Mwezi wa kwanza 2004 rais alitoa amri ya kufunga mahali pale. Kwenye karatasi Shinkolobwe ilikuwa imefungwa. Mwezi wa saba mwaka huohuo udongo uliporomoka, na watu walikufa chini yake. Karatasi ilisema pako patupu. Maiti zilisema vingine.

Basi picha nzuri ya mahali kama petu ingekuwaje? Nachukua kazi mbili zinazojulikana, ili tusibaki kulaumu tu.

Ya kwanza ni ya Guy Tillim, mpiga picha wa Afrika ya Kusini. Kitabu chake Avenue Patrice Lumumba kilitoka 2008. Alizunguka miji ya Msumbiji, Angola, Madagaska na ya kwetu Kongo, akipiga majengo ya mwisho wa ukoloni: hoteli, ofisi za serikali, nyumba za ghorofa. Likasi alifika mwaka wa 2007, na kati ya picha zake za hapa iko moja inayoitwa Typists, yaani wapiga chapa. Angalieni jina hilo. Mtu mwingine angeiita "Ofisi ya zamani". Tillim ameiita kwa kazi ya watu walio ndani. Karne ya 21 imeanza, kompyuta ziko kila mahali, na katika ofisi ya Likasi kuna watu wanaopiga chapa, kwa sababu kazi ya serikali haijasimama. Picha zake zina rangi iliyopoa, mwanga wa mawingu, hazipigi kelele. Anakataa kulia na anakataa kucheka. Ninamheshimu kwa hilo.

Lakini Tillim anapita. Maelezo yake ni mafupi: kitu, mji, inchi, mwaka. Wapiga chapa hawana majina. Ukitoka Likasi ukaingia Beira unaona upole uleule, mwanga uleule, na baada ya kurasa nyingi miji yetu inaanza kufanana kama ndugu wa baba mmoja aliyekimbia. Baba huyo ni yeye yule au si yeye? Mreno si Mbelgiji. Hoteli si mgodi. Heshima yake ni ya mgeni mwenye adabu anayekaa mlangoni bila kuvuka kizingiti.

Ya pili ni ya mwana wa kwetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978. Mfululizo wake Mémoire, wa 2006, ndio uliomfanya ajulikane. Mwaka wa 2007 alipata tuzo katika maonyesho ya picha ya Bamako. Wengi wenu mmeziona. Alipiga viwanda vya shaba vya Katanga kama vilivyo leo: tanuru zilizopoa, milima ya takataka za madini, vyuma vilivyolala, rangi kama ya vumbi. Kisha akaingia katika hifadhi ya picha za kampuni, akakata watu wa zamani, weusi kwa weupe, akawasimamisha mbele ya vyuma vile: wafanyakazi waliopangwa mistari, mabwana wa kizungu na kofia zao. Wamesimama pale kama watu waliorudi kazini wakakuta mlango umefungwa. Kuna na video ya jina hilohilo, ambamo Faustin Linyekula anacheza katikati ya magofu ya kiwanda, mwili mmoja ukijibizana na chuma.

Kwa nini kazi hii inashinda picha elfu moja za kutu? Kwa sababu inafanya kinyume kabisa cha yule kijana wa ghala. Kijana alitoa mtu aliyekuwepo. Baloji anarudisha watu walioondolewa. Na anapowarudisha hawatabasamu. Hapa ndipo ukali wa kazi yake unapojificha, na hapa watu wengi wanaisoma vibaya. Wanaona zamani watu walikuwa wengi na leo vyuma vimelala, wanahitimisha: "Zamani ilikuwa muzuri." Lakini waangalieni tena wale waliosimama mistari. Waliwekwa hivyo na mpiga picha wa kampuni ili wahesabiwe, sawa vile mtu anahesabu majembe. Baloji hakuwaweka mbele ya magofu ili tuililie kampuni. Amewaweka tuone kwamba kilichobomoka leo na kilichojengwa jana vilikuwa jambo moja.

Ninayo lawama moja hata kwa Baloji, na ninaisema kwa upendo. Picha za Mémoire hazina majina. Zinaitwa Sans titre, na namba. Najua utetezi: hifadhi ya kampuni haikuandika majina, iliandika mtu kwa namba yake ya matrikule, na msanii mwaminifu habuni jina asilolikuta. Nakubali. Kumwacha mtu bila jina kunaonyesha kidonda. Lakini kuonyesha kidonda na kukifunga ni kazi mbili, na ya pili haikumpasa yeye peke yake. Inatupasa sisi.

Kabla ya kufika huko, niseme neno juu ya aina ya picha tunazozipenda sana sisi wenyewe: mbili kwa pamoja, juu kadi ya posta ya Jadotville, chini kona ileile leo. Juu barabara safi, maua, magari machache yanayong'aa. Chini mashimo na takataka. Maneno ya kuzisindikiza huwa mafupi: "Tulikuwa wapi, tuko wapi."

Nani, "sisi"? Katika kadi ile ya posta babu yako hayumo, na kama yumo, anafagia. Jadotville ile safi ilikuwa na mtaa wa wazungu na kambi za weusi, na jioni mweusi alikuwa na mahali pake pa kuwa. Mfanyakazi alipata nyumba, posho na hospitali, ni kweli, na wazee wetu wanaikumbuka posho ile kwa haki. Lakini mwezi wa kumi na mbili wa 1941 wafanyakazi wa Union Minière, wa Likasi na wa Élisabethville, waligoma kwa ajili ya mshahara, na kule Élisabethville askari waliwafyatulia risasi uwanjani. Hakuna kadi ya posta ya siku ile. Picha ya "zamani na leo" inatuomba tulinganishe takataka za leo na maua ya zamani. Haituombi tulinganishe njaa na njaa, wala woga na woga.

Na kuna picha za stesheni. Stesheni ya Likasi inapendwa na wapiga picha, na ninaelewa: reli, majani yaliyoota, kimya. Lakini katika umoja wetu tuko watu wa kila upande, na tuseme kwa upole kitu tunachokijua wote. Mwaka wa 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, stesheni ya Likasi na ile ya Kolwezi zilijaa familia zilizongojea gari-moshi kwa majuma na miezi, na watoto walifia pale wakingojea. Kati yetu wamo watoto wa waliopanda gari lile na watoto wa waliobaki kuangalia likiondoka. Tulikaa benchi moja shuleni. Ukituma picha ya stesheni tupu ukaandika "amani ya zamani", mmoja wetu anafunga simu na hasemi kitu. Sikatazi kupiga stesheni. Ninasema kimya cha mahali pale kina uzito, na picha inayokiuza kama urembo imekichukua bure.

Hata filamu imetufanyia hivyo. Mwaka wa 2016 ilitoka The Siege of Jadotville, juu ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa kwetu mwezi wa tisa 1961. Ilitengenezwa Afrika ya Kusini. Mji una jina lake katika kichwa cha filamu, na mji wenyewe haumo. Hiyo nayo ni aina ya jengo tupu.

Sasa tufanye nini na kamera zetu? Siwezi kumwambia kijana mwenye kipaji aache. Isitoshe, anajihatarisha tayari: kupiga picha karibu na kiwanda au reli bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya watu wasiopenda sanaa, na vumbi la viwanda vya zamani si unga wa mahindi. Kwa ujasiri huo ninampongeza. Ninamwomba tu, kabla ya kutuma, ajiulize mambo matatu.

La kwanza: nani anatumia mahali hapa leo? Kama ni mtu, aonekane. Kama hataki kuonekana, ionekane kazi yake: gunia, ufagio, kamba ya nguo. Usisogee kushoto ili kumficha.

La pili: nani aliacha kulipia, na mwaka gani? Andika chini ya picha. Tarehe moja inaweza kufanya kazi ambayo mwanga wa jioni hauwezi.

La tatu: kuna jina? Na hapa nakumbuka yale masanduku ya Willard. Sheria iliyomkataza Crispin kuonyesha majina si ya kijinga. Jina lililotolewa bila ruhusa linaweza kumuumiza mtu au watoto wake. Mchimbaji wa mikono aliyeingia mahali palipokatazwa hataki jina lake liandikwe, na ana haki. Kwa hiyo jina linaombwa. Lakini kuomba na kukataliwa si sawa na kutouliza kabisa. Mama wa ghala hakuulizwa.

Na kwa sisi ambao hatuna kamera, tuna kitu ambacho hifadhi ya kampuni haina. Tuna wazee. Katika nyumba nyingi za Kikula, za Panda, za Shituru kuna bahasha au kopo la maziwa lenye picha za zamani: timu ya mpira ya kambi, darasa la mama la ushonaji, wanaume kumi na mawili mbele ya tanuru, mikono imekunjwa. Nyuma ya picha mara nyingi hakuna maandishi. Lakini Mzee akiishika, ataweka kidole: huyu ni fulani, alikuwa fundi wa umeme, huyu aliondoka na gari-moshi, huyu nilimwoa dada yake. Wale wanaume waliosimama katika kazi ya Baloji kwa namba tu, inawezekana mmoja wao yuko pia katika kopo la maziwa la jirani yako, na huko ana jina.

Mzee akiondoka, kopo linabaki na watu wasiojulikana. Hiyo ndiyo nyumba tupu ninayoiogopa kuliko villa yoyote isiyo na paa. Basi kabla ya kutuma picha nyingine ya kutu, Jumapili hii pitia kwa Mzee wako, mwombe afungue kopo, chukua kalamu ya risasi, na uandike nyuma anayokuambia.